Aliyeshushwa Mtoni

Walimzika Zakayo Sangito kule Sekei siku ya Jumanne, na mimi nilikwenda. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na jiko, mahali wanawake walipokuwa wakimenya ndizi za kuwapikia waombolezaji, maana sikutaka mtu anishike mkono na kuniambia nami niseme neno langu. Mchungaji alisema marehemu alikuwa mtu wa amani, mwenye kupenda wageni. Mwanamke mmoja, kisu mkononi na utomvu wa ndizi umemganda mpaka viwikoni, akamwambia mwenzake, "Wageni aliwapenda kweli, ila uji wake ulikuwa maji matupu." Wakacheka chini chini, wakainamisha vichwa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nalitazama lile sanduku na kuwaza kwamba mtu huyu amelala kwao, atafunikwa na udongo wa kwao, watoto wake wamesimama hapo, na hakuna hata mmoja aliyemkataza mtu kumbeba. Wenzangu wa rika langu wanasema mambo ya wakati wa Mjerumani tuyaache, wamekwenda zao, na sisi tumezeeka. Mimi sijazeeka kiasi hicho. Kuandika nilijifunza nikiwa mtu mzima, kwa shida, kwenye benchi la misheni pamoja na watoto walionifika kiunoni, na nilipojua kuandika majina, majina ya kwanza niliyoandika yalikuwa manne: Sangito, Kaburu Dirki, Bwana Holtza, mshili Kirenga. Mwalimu alidhani ni ndugu zangu.

Ulikuwa mwaka ule reli ilipofika Moshi. Vijana wa leo wanasimama Tengeru barabarani, lori la Mhindi linakuja, wanapanda, na kabla jua halijasimama kichwani wamefika Moshi wakilalamika kuwa wamepata vumbi. Siku zile kulikuwa na gari moja tu la kumchukua abiria asiye na farasi wala nyumbu, nalo lilikuwa gari la maksai la Kaburu Dirki, kutoka uwanja wa chini ya boma la Arusha mpaka stesheni ya Moshi, siku nne ikiwa njia ni kavu, na ikinyesha mvua Mungu ndiye ajuaye. Mtu angeweza kwenda kwa miguu, nguvu tulikuwa nazo. Lakini mtu mweusi akitembea peke yake kwenye barabara ile bila karatasi alikutana na askari, na askari akamuuliza anatoka wapi, na hata kabla hajajibu alikwisha kupewa sururu. Ukiwa juu ya gari la Dirki hukuulizwa. Ndiyo sababu watu walitafuta nafasi kwenye gari lile kama wanavyotafuta wokovu, na ndiyo sababu Sangito, aliyekuwa mnyapara wa gari na mwenye kusema nani apande na nani abaki, alitembea pale uwanjani kifua mbele kama aliyeitengeneza barabara kwa mikono yake.

Habari ya ndugu yangu Ndewirwa ililetwa na mtu wa Akheri aliyerudi kutoka kazi ya reli. Alikaa jikoni kwetu, akanywa maziwa ya mgando kibuyu kizima, ndipo akafuta mdomo. "Ndewirwa anaharisha damu," akasema. "Wamechoka naye. Mzungu wa dawa amesema mwezi ukiandama atamtia kwenye treni, atashushwa Moshi. Anayemtaka akamchukue. Asipotokea mtu, sijui." Mama yangu aliuliza jambo moja tu: anaweza kutembea? Yule mtu akatazama moto. Ndewirwa alikuwa amepelekwa relini na mshili Kirenga, mkuu wa kijiji chetu, aliyetakiwa kutoa watu kumi na akatoa tisa wa nyumba nyingine na mmoja wa nyumba yetu, huku wanawe wanne wakilisha ng'ombe. Hilo nalisema mara moja tu, sitalirudia. Asubuhi mama aliniamsha, akanipa ndizi za kuchoma na kifurushi cha jani kavu la mgomba. Ndani yake mlikuwa na isale.

Kwa mgeni wa kwetu nieleze. Isale ni ule mmea wa majani marefu yenye ncha tunaoupanda mipakani mwa vihamba vyetu, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Ukikosana na mtu, ukampelekea isale, naye akalipokea mkononi mbele ya watu, ugomvi umekwisha hapo. Hawezi tena kukudhuru wala kukukana. Hata mtu aliyemwagiwa damu ya nduguye akiletewa isale hulitetemekea. Nyumba yetu na nyumba ya kina Sangito zilikuwa hazisemezani kwa sababu ya mfereji wa maji, jambo la mababu, na mama alijua ni nani anayeamua watu wa kupanda gari. "Mpe Sangito," akaniambia. "Mpe mbele ya watu. Akilipokea, umekwenda na umerudi."

Basi nikatembea kwa njia za migombani kwenda Arusha ili nipande gari litakalonirudisha kupita chini ya mlango wa kwetu, maana Dirki hakusimamisha maksai njiani kwa ajili ya mtu mweusi. Anayepanda alipandia uwanjani. Nilikuwa sijawahi kulala mjini. Leo mtu wa Arusha atanicheka nikisema ulikuwa mji mkubwa, lakini mimi niliona mabati yanang'aa mpaka macho yakauma, niliona boma jeupe na askari wakigeuka wote mara moja kama mtu mmoja, niliona duka la Mhindi lenye vitu vingi hata nikadhani ni vya watu wote wa duniani. Sikujua nisimame wapi. Nilisimama mahali, mtu akaniambia ondoka, hapo wanasimama nyumbu. Nikasogea, mwingine akasema ondoka, hapo ni pa mzigo wa Bwana. Mwishowe nikamuuliza mtu aliyekuwa akipaka mafuta ekseli, "Kaka, gari la Moshi lipi?" Akanitazama miguu. "Liko moja tu, na umeliegemea," akasema. Wote pale wakaangua kicheko. Mwarusha mmoja wa Olasiti, mshika kamba wa maksai wa mbele, akasema, "Mwacheni, Mmeru huyu anatafuta lenye migomba juu yake." Sangito akatoka nyuma ya gari kuona kinachochekesha, na aliponiona, kicheko chake kikaisha.

"Mtoto wa mfereji," akasema. "Unataka nini kwenye gari langu?"

Nikafungua kile kifurushi. Sikuwa na hotuba, nilisema tu kwamba namfuata ndugu yangu mgonjwa Moshi. Nilimnyooshea isale kwa mikono miwili, na watu wakasogea kutazama, maana hata yule Mwarusha alielewa. Sangito alilitazama muda mrefu. Alikuwa amevaa koti la Kaburu lililomfika magotini, na jasho lilikuwa linamtiririka. Halafu akalipokea kwa mkono wa kulia, akalichomeka kwenye mkanda wake, akasema kwa sauti ya kusikika, "Imekwisha. Panda. Na ukirudi na ndugu yako mtapanda, mimi mwenyewe nitampatia mahali pa kulala." Nilipanda nikiwa mwepesi kama niliyetuliwa mzigo. Miaka hii yote nimejaribu kukumbuka uso wake wakati ule, kama ulikuwa na uongo, na kila nikikumbuka nauona uso wa mtu aliyefurahi. Nadhani alifurahi kweli. Ndilo linalonitia uchungu.

Safari ya kwenda sina haja ya kuieleza sana. Wazungu walikaa ndani chini ya turubai, Wahindi na marobota yao nyuma, sisi juu ya mizigo, na kwenye kila mlima na kila mto sisi tulishuka tukasukuma. Tulipopita chini ya Akheri niliuona moshi wa jiko letu kati ya migomba, sikuruhusiwa kushuka. Nilifika Moshi mifupa inauma, nikapata chumba kwa Bi Zaina, mwanamke wa Pangani aliyewafuata wajenzi wa reli toka pwani akiwapikia, stesheni moja baada ya nyingine, mpaka reli ikaishia Moshi naye akaishia hapo. Chumba chake kilikuwa na vitanda sita vya kamba na harufu ya samaki mkavu, kitu ambacho sisi hatukukila, na jioni wenye vitanda walirudi na kuzungumza habari za miji. Mmoja alikuwa amefika Tanga, mmoja Dar es Salaam, nao walishindana kama watoto wanaoshindana urefu. Mimi nililala nimeutazama ukuta na kusikiliza. Bi Zaina ndiye aliyenifundisha kusafiri. Alikuwa anakoroga wali huku anasema, bila kunitazama. "Mgonjwa usimkalishe nyuma, weye, vumbi litammaliza. Wala juu ya magunia ya chumvi, chumvi inakula kidonda. Mlaze katikati, kichwa mbele, na umpe uji kabla ya mto, si baada. Na usimwambie mtu anaugua nini. Sema homa. Homa kila mtu anayo." Nikamwambia sina wasiwasi, mnyapara wa gari nimempa isale. Akauliza ni nini hiyo. Nikamweleza. Akaacha kukoroga. "Jani?" akasema. "Ndiyo, bibi, lakini amelipokea." Akaurudia wali wake. "Haya, mwanangu. Nyie mwajuana."

Stesheni nilikwenda kila siku, maana treni haikuja kila siku na hakuna aliyeona haja ya kuniambia inakuja lini. Nilisimama upande usiofaa, nikafukuzwa. Siku ya pili nikasimama upande mwingine, nikafukuzwa na aliyenifukuza jana. Siku ya nne treni ikaja. Niliisikia miguuni kabla ya masikioni. Watu walishuka kwenye mabehewa ya wazi wakiwa weusi kwa masizi, wakiitana, wakitupiana mizigo, na mimi nikakimbia toka kichwa mpaka mkia nikimtafuta ndugu yangu kati ya wanaotembea. Behewa la mwisho lilikuwa la mizigo. Walinishushia mtu mmoja. Nilimwambia yule mtumishi wa reli, "Huyu siye." Ndipo yule mtu akasema jina langu la nyumbani, lile ambalo mama tu na yeye walilitumia. Nilimbeba mpaka kwa Bi Zaina, na nawaambia, nimebeba magogo, nimebeba madebe ya maji, sijabeba kitu chepesi namna ile.

Alikaa kwa Bi Zaina siku tatu. Alikunywa uji, akazungumza kidogo. Hakusema habari za reli hata moja. Aliuliza migomba ya mama, aliuliza yule ndama mwenye doa. Jambo moja alilirudia: "Nataka kufika nyumbani. Nikishafika, basi, lolote liwe." Siku ya tatu Bi Zaina akaniita uani. Kulikuwa na Mgiriki mwenye gari la punda, mteja wake wa samaki, anayekwenda Arusha kesho yake bila mzigo mkubwa, na amekubali kumlaza mgonjwa kwenye majani. "Ni mtu wa matusi," akasema Bi Zaina, "lakini akisema ndiyo ni ndiyo." Na gari la Dirki nalo lilikuwa linaondoka kesho hiyo hiyo. Nilimshukuru nikakataa. Nilimkataa Mgiriki kwa sababu sikuwa nimempa isale na Sangito nimempa. Kwa akili zangu Mgiriki alikuwa mtu tu, anaweza kubadilika njiani, lakini Sangito alikuwa amefungwa. Bi Zaina hakunibishia. Alinipa kibuyu cha uji na kipande cha kaniki cha kumfunika Ndewirwa, na alipoagana naye alimwita baba.

Gari siku hiyo lilikuwa limejaa vitu vya Bwana Holtza, mlowezi mgeni aliyepewa shamba huko Usa, karibu na kwetu. Vitanda vya chuma, masanduku, saa kubwa ya ukutani, na beseni la kuogea, refu kama hori la ng'ombe, jeupe ndani, lenye miguu minne kama ya simba. Mwenyewe alikuwa anakuja nyuma kwa nyumbu, siku moja baada yetu. Sangito alipomwona Ndewirwa alitikisa kichwa. Akapanda, akapanga na kupangua, halafu akanong'ona, "Lete. Hapa." Akamlaza ndani ya lile beseni, juu ya majani makavu, akamfunika turubai mpaka kifuani. "Hapa hatetereki," akasema. "Ndugu yako anasafiri kama gavana." Ndewirwa akacheka. Ndiyo mara ya mwisho kusikia kicheko chake. Nami nikasema moyoni, mama alijua, isale limefanya kazi.

Siku tatu tulikwenda hivyo. Kila gari liliposimama aliuliza, "Tumefika wapi?" Nikamwambia Kikafu. Nikamwambia Sanya. Alikuwa anaharisha, na mimi nilikuwa nikibadili majani alfajiri kabla Dirki hajaamka, nikalisugua beseni kwa mchanga. Sangito alijua. Alikuwa anageuza uso. Siku ya tatu usiku mvua ilinyesha mlimani, na asubuhi ya siku ya nne tulipofika kwenye ule mto wenye maji ya rangi ya chai, ulikuwa umejaa mpaka kwenye majani. Toka ukingo ule unaona mabonde ya kwetu. Mtu mzima akitembea haraka, jua halijapanda sana ameshafika Akheri. "Tumefika wapi?" "Tumefika mto wa chai." Akafumba macho akatabasamu.

Dirki aliwaingiza maksai majini. Wakafika katikati, magurudumu ya nyuma yakazama mpaka kwenye ekseli, na hapo mjeledi haukusaidia. Abiria weusi wote tukatiwa majini kusukuma. Ndipo Bwana Holtza, mwekundu kwa jua, akatokea nyuma yetu na nyumbu wake na askari mmoja, akaona vitu vyake katikati ya mto, akaanza kufoka kwa lugha yao. Dirki akasema mzigo upunguzwe. Watu wawili wakapanda kuinua lile beseni, wakavuta turubai, wakamwona Ndewirwa.

Bwana Holtza alimwingiza nyumbu majini mpaka karibu. Alitazama, akaweka kitambaa puani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu. "Nani weka huyu?" Akapaza sauti. "Nani weka huyu ndani ya kitu yangu? Yeye pata hamsa ishirini." Kila mtu pale alikwisha kuona mtu akipigwa viboko ishirini na vitano, wengine migongo yao ilijua. Nilimtazama Sangito. Alikuwa amesimama juu ya gari, nyayo zake karibu na kichwa cha ndugu yangu, koti la Kaburu limelowa. Akasema, "Sijui, Bwana. Huyu simjui. Si mtu wetu. Labda aliingia tulipolala."

Yule mzungu akatugeukia sisi tuliokuwa majini. "Ni mtu ya nani?" Maji yalinifika kifuani, bega langu lilikuwa kwenye gurudumu. Naandika sasa jambo ambalo sikumwambia mama mpaka akafa. Nilinyamaza. Haikuwa muda mrefu, labda pumzi tatu. Lakini nilinyamaza, na katika kunyamaza kwangu Ndewirwa akajiinua kwa kiwiko, mtu ambaye asubuhi ile hakuweza kushika kibuyu, akasema, "Niliingia mwenyewe, Bwana."

Hata Kaburu Dirki alicheka. Wakamshusha. Walimshika mikono na miguu, wakamrudisha ukingo ule tuliotoka, wakamweka kwenye matope kama wanavyoweka kitu watakachokirudia. Halafu Sangito akalisafisha beseni kwa mchanga, mara tatu, Bwana Holtza akihesabu. Halafu wakalirudisha juu ya gari. Hawakuliacha. Tukasukuma, na mimi nikasukuma, maana askari wa Holtza alikuwa nyuma yetu na bakora, na gari likatoka, likapanda ng'ambo na beseni lake. Nilipokuwa narudi majini kumfuata ndugu yangu nilipita karibu na Sangito. Nikamwambia neno moja tu, "Isale." Hakunitazama. Akasema, "Isale ni la migombani. Hapa ni gari la Mzungu."

Nilimvusha Ndewirwa mgongoni. Nilimweka chini ya mti wa mringaringa, nikamfunika kaniki ya Bi Zaina, nikamwekea uji uliobaki karibu na mkono. "Tumefika wapi?" akauliza. "Tumevuka mto." "Upande gani?" "Upande wetu." Akasema vizuri. Nilikimbia. Sijui niliwezaje kukimbia vile. Nilifika Akheri nikaita watu wanne, wakaja na machela ya miti na ngozi, mama akiwa mbele. Kwenye njia ya kushukia tukamkuta mshili Kirenga na fimbo yake. Habari zilikwisha kumfikia, sijui kwa nani, gari lilikuwa limepita. "Ugonjwa wa reli hauingii kwenye migomba ya watu wangu," akasema. "Atakayembeba akae naye huko huko." Mama akamwambia, "Kirenga, wewe ndiye uliyempeleka." Akamjibu, "Nilimpeleka mzima." Wale watu wanne wakaiweka machela chini taratibu, mmoja baada ya mwingine. Siwataji, walikuwa na watoto.

Tulikwenda mimi na mama. Uji ulikuwa haujaguswa. Alikuwa amejiviringisha toka chini ya mti mpaka katikati ya njia, akielekea kwetu, hatua kama kumi. Tulimchimbia pale ukingoni kwa jembe la mama na mikono, tukaweka mawe kwa sababu ya fisi. Mama hakulia mpaka tulipofika nyumbani na kuona ndama mwenye doa.

Sasa nirudi kwa Sangito. Bwana Holtza vita vilimfukuza, Dirki alikwenda zake Kenya, Kirenga alikufa kwa tumbo. Sangito alibaki, akabatizwa, akajenga Sekei, na kila nilipomwona sokoni mmoja wetu aligeuka. Miezi miwili iliyopita mwanawe Yona alikuja kwangu. "Shikamoo, baba mkubwa," akasema, akasimama nje ya kihamba changu na isale mkononi. "Marahaba." "Baba ni mgonjwa. Amenituma. Amesema nikupe hili mkononi, mbele ya watu." Mke wangu alikuwapo, jirani alikuwapo. Mikono yangu niliiweka nyuma. Nikasema, "Kamwambie baba yako, isale ni la migombani." Kijana wa watu akatazama huku na huku, hakuelewa. Akasema kwa adabu, "Na hapa si migombani, baba?"

Niliingia ndani. Aliposubiri akachoka, alilichomeka kwenye udongo pale mlangoni akaenda zake. Nilisikia baadaye kwamba mzee alikuwa akiuliza kila asubuhi, "Amekuja?" na wakimwambia bado, anasema mnisogeze mlangoni nione njia. Miezi miwili. Ningeweza kufika kwa saa chache tu. Watu watasema nilikuwa na haki, na wengine watasema sikuwa nayo, na mimi sibishani na yeyote kati yao. Najua tu kwamba mtu aliuliza kila siku na mimi nikamwacha aulize.

Jumatano, siku moja baada ya mazishi, niling'oa lile isale pale mlangoni. Mvua za siku zile zilikuwa zimelishikisha mizizi, myeupe kama uzi. Nikalifunga na udongo wake katika gunia, nikapanda lori la Moshi pale Tengeru. Kwenye daraja la mto wa chai mimi hushuka siku zote, nikalivuka kwa miguu, nikapandia ng'ambo. Madereva wananijua, wapya hunitukana. Safari hii nilimwambia dereva anisubiri kidogo. "Mzee huyu anaogopa daraja," abiria mmoja akasema. Mwingine akasema, "Acha, labda ana tumbo." Nikashuka kwenye yale mawe ya kaburi na gunia langu. Nilikaa pale nikaliweka gunia chini. Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Isale walikuwa wameniletea mimi, lakini aliyeshushwa si mimi. Mimi nilikuwa nasukuma gari. Basi nikachimba kwa panga penye kichwa cha Ndewirwa, nikalipanda isale la Sangito, nikalishindilia kwa mguu, nikamwambia ndugu yangu nani amelituma na kwamba amekwisha kufa. Kulipokea au kutolipokea ni shauri lake. Na yangu pia nikamwambia, zile pumzi tatu. Lori likapiga honi. Mtu akaita toka juu, "Mzee, twende, tumefika wapi hapa tunakaa?" Nikapanda ukingo nikiwa na matope mikononi, nikamjibu kwamba tuko upande wetu bado, mto hatujauvuka.